Sauti ya Kuitia Paka

Dada yangu mpendwa,

Kabla sijakuuliza hali, ngoja nilitoe hili, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama barua zangu zote. Tangu mama atutoke, nimekuwa nikiita kwa sauti yake alasiri, pale uani. Wala si kwa utani. Naita hasa, na baba amekuwa akiitika. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia yote mpaka mwisho.

Haya, sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hujambo dada? Masomo ya uuguzi yanakwendaje, na miguu bado inavimba ukisimama zamu nzima wodini? Mimi sijambo, ila nilishikwa na mafua mabaya ambayo nitakueleza. Baba naye hajambo, kwa namna yake. Shangazi anakusalimu sana na anasema kwenye picha uliyotuma umekonda, shingo imebaki kama ya chupa, ule.

Bila shaka unalikumbuka lile tundu kwenye ukuta wa uani, upande tunaopakana na kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Bado lipo, tena matofali yameendelea kumomonyoka, siku hizi hata mtu mzima anapita akiinama. Hapo ndipo mama alipokuwa akisimama na sahani ya vichwa vya samaki, akiwaita paka vilevile alivyotuita sisi tukale: “Njooni basi, mnajivunga nini?” Na baba, huko ndani, redio za watu zimefumuliwa mezani, alikuwa akiitika “Nimeshafika!” na hata bisibisi hajaiweka chini.

Baada ya mazishi wale paka walirudi kuwa wa mwituni. Walikaa ndani ya kiwanda, wakawa wanatoka kuiba na kupigana juu ya mabati, na majirani wakaanza kuzungumzia sumu. Mimi nilikuwa nimemaliza mitihani, sina kazi, sina shoga wa kumtembelea, nikaona niwaokoe. Nilikwenda kwa daktari wa mifugo, yule wa karibu na posta, nikasimama mlangoni kwake mpaka yeye mwenyewe akaniuliza kama nimekuja kuegemea ukuta. Aliniambia kwamba nikiweza kuwafanya waingie kapuni kwa hiari yao, atawafunga uzazi, na watoto wao atawatafutia nyumba. Akanifundisha. Weka sahani mbali, kaa chini, mpe paka ubavu, usimkazie macho. Akikutazama, fumba macho polepole kama mwenye usingizi. Naye akikufumbia hivyo, ujue amekuamini. Kila siku isogeze sahani kidogo kuelekea kwako, kidogo sana, ili asijue kwamba anasogezwa. Tena uwe unazungumza, wakuzoee sauti.

Hapo kwenye sauti ndipo nilipokwama. Unanijua. Mwalimu wa darasa aliwahi kuandika kwamba sikuhudhuria, na nilikuwa nimeitika mara mbili. Niliwaita paka kwa sauti yangu hiyo mpaka nikachoka, nikawa naona macho tu kwenye giza la mlango wa chumba cha tanuri, kule ndani ya kiwanda.

Alasiri moja nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mwito wa mama. Wote, mzima, pamoja na kile kicheko chake cha mwisho. Sikupanga. Kwanza lilitoka lile paka shume lenye jicho moja, ambalo mama aliliita Mwenyekiti kwa kuwa lilikula la kwanza na halikufanya kazi yoyote. Akafuata yule jike, Kiraka, na watoto wake. Nilikuwa nimesimama nalia, paka wanakula miguuni pangu, niliposikia nyuma yangu, kutoka mezani kwa baba: “Nimeshafika!”

Dada, baba hakuwa amesema kitu tangu msiba ila ndiyo na hapana.

Ningeingia ndani nikamwambia ni mimi. Sikuingia. Kesho yake niliita tena, na sitakudanganya kwamba niliita kwa ajili ya paka peke yao. Baba alianza kunyoa ndevu. Akafungua redio moja, akaifunga, ikaimba. Akatoa kigoda chake akakiweka kwenye mlango wa uani, akawa anasubiri mwito huku anasugua nyaya. Nilijiambia, kama ni uongo basi ni uongo wenye dawa.

Ndipo nikashikwa na yale mafua. Sauti ilikauka kabisa, hata kikohozi kilitoka kama karatasi inayokunjwa. Shangazi akaja kukaa nasi aniuguze. Alikubali kuwalisha paka, ila alinung'unika kwamba nyumba hii paka wana mpishi, na yeye kwa umri wake wote hajawahi kupikiwa hata uji. Mimi nikawa nimelala chumbani kwetu, kitanda chako nimekisogeza dirishani nione uani.

Alasiri ile ya kwanza ya homa niliinua kichwa. Kupitia lile tundu niliwaona paka wameshatoka bila kuitwa. Walikuwa wamekaa kwenye majani ya kiwandani, wote wametupa mgongo, wanautazama mlango wa chumba cha tanuri. Mwenyekiti aligeuza uso kidogo, nikaliona lile jicho lake. Lilikuwa linafumba polepole, linafumbua, linafumba. Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Kisha baba, kwenye kigoda chake, akainua kichwa akasema, “Nimeshafika!”

Mimi sikusikia mwito wowote. Shangazi naye hakusikia, kwa maana sahani ilibaki hewani mkononi mwake, akamtazama ndugu yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Kesho yake kigoda kilikuwa kimetoka mlangoni, kipo chini ya kamba ya nguo. Siku iliyofuata kilikuwa kimeipita kamba. Halafu kikafika karibu na ukuta, hatua chache tu kutoka kwenye tundu. Mwendo ule niliujua, dada. Ni mimi niliyewatembeza paka mwendo uleule, alasiri kwa alasiri, mpaka wakadhani wameamua wenyewe. Nililala pale nimeshika pazia, na sikuwa hata na sauti ya kusema baba rudi.

Shangazi akasema imetosha. Alisema mtu anayeitika bila kuitwa hawezi kuachwa peke yake na msichana wa umri wangu. Mwisho wa wiki angemchukua akakae kwake, nyumba tuipangishe. Akaniagiza nikipata nguvu nikunje nguo za baba. Niliona baba amefika mahali nilipomfikisha mimi. Kwa hiyo homa iliposhuka na koo likaanza kutoa angalau mkwaruzo, nilikwenda mezani kwake nikamwambia yote: kwamba aliyekuwa anaita ni mimi, kwamba nilimwigiza mama, na kwamba anisamehe.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akaiweka chini ile pasi ya kulehemu asijiunguze. Aliniuliza kama kweli nadhani mwanamume anaweza kuishi na mke miaka yote ile asimtofautishe na binti yake. Mwito wa mama, alisema, hupanda mwishoni. Wangu hushuka, kama mtu anayeomba ruhusa. Alijua tangu siku ya kwanza. Aliitika kwa sababu mtoto wake ambaye hakuwa amesema kitu tangu msiba alikuwa amepaza sauti hatimaye, na asingeitikiwa angerudi kimya. Basi kumbe kila mmoja alikuwa anamfuga mwenzake, na kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye sahani.

Natamani barua hii ingeishia hapo, nikuage kwa furaha.

Lakini baba alinishika paji la uso akasema kilichomuuma ni wiki ile ya ugonjwa. Kwamba na homa yote ile niliinuka kila alasiri nikaenda kuita, tena kwa sauti dhaifu ya mgonjwa, inayoshuka vilevile. Ndiyo maana alikisogeza kigoda kila siku, nisilazimike kukaza koo. Na siku ya mwisho, alisema, alinisikia naita kutoka kule ndani kabisa, kwenye chumba cha tanuri, namwita yeye tu, si paka. Alikuwa ameshainama apite tunduni akanitoe. Shangazi ndiye aliyemrudisha, kwa kumpigia kelele kwamba chai inapoa.

Dada, wiki nzima ile sikutoka kitandani ila kwenda msalani, shangazi amenishika mkono. Na sauti sikuwa nayo.

Baba alikuwa ananitazama, anasubiri. Nikamwambia ndiyo baba, nilikuwa mimi.

Shangazi alipoambiwa alinigombeza mpaka akachoka, kwamba nacheza na homa kama nacheza rede, kisha akazikunjua nguo za baba akazirudisha kabatini mwenyewe. Mambo yametulia. Nilimwomba fundi mwashi aje azibe lile tundu, baba akakataa, anauliza paka watapita wapi. Nikimwambia kwa nini, ama atachukuliwa kwa shangazi kama mtu aliyerukwa na akili, ama ataamini ni mama na atapita lile tundu mchana kweupe, huku anatabasamu.

Kwa hiyo siku hizi naita mapema, kabla hakujaitwa kutoka kule. Naita kwa sauti yangu mwenyewe, kubwa, nimesimama mbele ya baba ili auone mdomo wangu. Jirani anasema nimekuwa kipaza sauti, na huyu ndiye yule bubu wa jana. Kiraka na watoto wake wameshaingia kapuni kwa hiari, na daktari amenisifu. Mwenyekiti ndiye aliyekataa. Haji tena kwenye sahani yangu. Anakaa kwenye mlango wa chumba cha tanuri, anafumba lile jicho polepole. Amenenepa, dada, na sijui ni nani anayemlisha.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, na usiache kula. Baba anasema ile saa yako iliyosimama uilete, ataitazama ingawa si redio. Ukijibu barua hii andika habari za kawaida tu, maana huwa anapenda nimsomee. Siri hii nakuomba ufe nayo kifuani mwako, usimdokeze baba wala shangazi, hata nikiwa nimekukasirisha. Na ukija likizo, ukisikia nakuita kutoka upande ule wa ukuta, geuka kwanza uangalie kama nimekaa hapo karibu yako. Ukiniona, nyamaza. Usiitike, na usimwambie baba umesikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mnong'ono