Mjomba, Pikapu Tumeipata kwa Bei Uliyoitaka

Mjomba,

Shikamoo. Siwezi kuanza bila shikamoo, hata kama hakuna wa kuniitikia marahaba. Ulikuwa ukiniambia mtu asiyesalimia hafai kutumwa hata chumvi, basi nimesalimia.

Pikapu iko hapa kijijini. Imeegeshwa ubavuni mwa duka la kijiji, ile ile ya kijani, na watoto wanaifuta vumbi kwa nguo zao bila kutumwa na mtu. Mama zao wanafoka lakini wapi. Tumeipata kwa bei ya serikali, Mjomba. Hakuna hata senti moja juu yake. Bei ile uliyoing'ang'ania mpaka ukanikera, ndiyo hiyo hiyo. Na aliyeishusha ni mimi.

Mwenyekiti alinisimamisha mbele ya mkutano wote akasema, "Ndugu zangu, mpwa amerithi ulimi wa mjomba wake." Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni haya ya kike. Jamani, laiti wangejua. Sijalala vizuri tangu siku ile, na hapa hakuna wa kumwambia, kwa sababu anayeweza kuelewa nilichofanya ni wewe peke yako, uliyenifundisha.

Ngoja nianzie mbali kidogo, usinikatishe kama kawaida yako.

Unakumbuka tulivyouza mahindi ya shamba la kijiji kule Laela, kamati ikasema safari hii tununue gari, wagonjwa wetu wasife njiani na mbolea isioze stesheni. Gari jipya lilikuwa ndoto, kibali kingewakuta wajukuu zetu. Ikabidi lililotumika. Likawepo moja tu, uani kwa Baba Tumaini, yule mfanyabiashara wa Malangali, pale Sumbawanga mjini, aliyekuja kutoka Mbeya. Wewe ukatumwa kwa sababu hakuna ng'ombe wala bati lililonunuliwa kijijini bila mdomo wako. Mimi nikatumwa kwa sababu ni mweka hazina, na wewe ukasema, "Huyu atashika pesa, mimi nitashika maneno."

Tulianzia kwa mthamini wa magari wa serikali. Akaikagua pikapu, akaandika thamani yake, akatueleza vizuri kabisa kwamba ile ni bei ya kuwaongoza muuzaji na mnunuzi, yeye hana mamlaka ya kumlazimisha mtu. Wewe ulisikia nusu ya kwanza. Ile nyingine ikapita. Tulipotoka tu ukaanza kuiita "bei ya serikali" ili ipate misuli, na karatasi ukaichomeka ndani ya kofia.

Acha nicheke kidogo. Siku ile ya kwanza kwa Baba Tumaini uliuliza habari za watoto wake mmoja mmoja mpaka nikasinzia. Halafu ukalala chini ya gari na koti lako la misa! Ukagongagonga kwa fimbo, ukatoka na kutu kwenye paji la uso, ukanyamaza. Mimi mjinga nikasema, "Mweeh, gari zuri kweli!" Ukanikanyaga mguu mpaka kidole kikavimba. Njiani ukanisema, "Ukisifu gari la mtu likiwa bado uani kwake, umeshamlipa nusu."

Alitaka elfu tatu juu ya ile ya mthamini. Hakuwa na ubaya yule mzee, tuseme ukweli. Alisema, "Hiyo bei ya ofisini haiijui barabara ya Tunduma. Matairi haya mapya nimeyahangaikia mwenyewe. Ofisini yapo? Niambieni yapo, nikayanunue." Wewe ukataja bei ya serikali, ukafunga mdomo. Tukakaa. Kimya. Kuku wakapita, wakarudi. Tulikaa kimya mpaka mke wake akachungulia mlangoni kuona kama tumeshaondoka. Njiani ukasema, "Ukishataja bei yako, nyamaza. Mwache mwenzako apigane na ukimya." Nilicheka mpaka tukafika Mpui.

Safari ya pili akashusha elfu mbili. Ikabaki moja. Elfu moja, Mjomba! Kamati ilikuwa imeniruhusu nimalize siku ile ile hata kwa hiyo, na pesa nilikuwa nimezifunga kiunoni zinanichoma. Nikakutazama. Ukatingisha kichwa polepole, kama unavyofanya ukimfungua ng'ombe mdomo ukakuta meno mabovu. Nami sikuufungua mkanda wa pesa. Nisikusingizie, nilikuwa nafurahia kama wewe. Nilikuwa najiona na mimi ni mtu, ninayeweza kumgeuzia mgongo tajiri wa mjini. Tukaondoka. Baba Tumaini akatufuata mpaka barabarani, viatu havijafungwa kamba, "Mzee, rudini tuongee. Mvua hizo zinaanza, gari mtalihitaji." Hukugeuka. Mimi niligeuka kidogo, nikamwona amesimama na mikono wazi. Ukaniambia, "Usitazame nyuma, ataleta ufunguo mwenyewe kijijini."

Kumbe ulikuwa na ngiri, umetuficha sote. Hata mama, dada yako wa tumbo moja, hakujua.

Sitaandika sana habari za siku ile ngiri ilipokubana. Mvua unaijua, na mkokoteni unaujua, wewe ndiye uliyeuunda. Nilikushikia nailoni juu ya uso tangu tunatoka nyumbani, na matope yakameza gurudumu mara sijui ngapi, vijana wakishuka kusukuma. Ulikuwa unauma meno. Kitu pekee ulichosema nikakielewa ni, "Waambie wasiwapige ng'ombe." Basi wakaacha kuwapiga. Tukaenda kwa mwendo wa ng'ombe wasiopigwa. Hatujayaona mabati ya Sumbawanga ukawa umeniacha, na mimi bado nimeshika nailoni.

Daktari alisema, "Mngewahi kidogo tu." Alisema kwa upole. Afadhali angenizaba kibao.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Tulikuzika, tukakaa matanga. Watu wa kamati wakasema habari za gari zisubiri mpaka matanga yaanuliwe, kama ilivyo desturi. Na desturi hiyo aliyenifundisha ni wewe. Unamkumbuka yule mjane wa mbuzi? Ulikwenda na bei yako mdomoni, ukamkuta ana kitambaa cheusi kichwani, ukalipa alichotaja bila neno, na bado ukamwambia ahesabu tena asije akapunjika. Nilikushangaa. Ukasema mwenye kitambaa hatubishani naye bei. Akiuza tunampa anachotaka, akinunua tunamwachia kwa anachoweza. Na kwa sababu hiyo yeye mwenyewe anatakiwa akae nyumbani, asiingie sokoni mpaka kitambaa kifunguliwe, kwa maana atakuwa anawaibia watu wasioweza kumkatalia. Baba Tumaini ni mtu wa Mbeya, lakini ameishi nasi miaka mingi. Anaijua.

Nami nilijua kwamba anaijua.

Nilijiambia ninakwenda Malangali bila kusubiri matanga yaanuliwe ili asife mwingine. Ilikuwa kweli, Mjomba, nusu ilikuwa kweli kabisa. Lakini mama alinisimamisha mlangoni akaniambia kwa Kifipa, sauti ya chini, kama ni lazima uende basi fungua kitambaa. Nikakifungua mbele yake, nikakitia ndani ya kikapu. Nilisafiri kichwa wazi mpaka mjini, upepo wa Ufipa unanipiga masikio. Nilipofika nyumba za kwanza za Malangali nikasimama kando ya ua wa watu. Nikakitoa. Nikakifunga upya, nikakikaza, nikakishusha hadi kwenye nyusi kisiweze kupitwa na macho.

Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Mikono yangu mwenyewe.

Baba Tumaini aliponiona aliinuka akavua kofia. "Nani?" akauliza. Nikasema wewe. Akanipa kiti chake, akamwita mkewe alete chai, na chai ikaja na sukari, siku hizi ambazo sukari hata harusini haionekani. Akauliza ulipatwa na nini, nikamweleza ngiri. Akauliza tulikufikishaje hospitali. Hapo nilijua nimefika. Nikasema, "Kwa mkokoteni." Halafu nikataja bei ya serikali, nikafunga mdomo.

Nilinyamaza vizuri, Mjomba. Ungejivunia. Ee Mungu nisamehe, hata mle ndani ya ule ukimya niliwaza kwamba ungejivunia.

Aliitazama pikapu. Akanitazama kitambaa. Akasema, "Ni mimi, binti yangu. Elfu yangu moja ndiyo iliyomuua mzee wa watu."

Na mimi nilikuwa na mdomo. Ningeweza kumwambia, hapana baba, wewe ulitufuata barabarani viatu havijafungwa, sisi ndio tuliokataa kugeuka. Maneno machache tu. Nikayameza pamoja na chai yake. Nikamwacha aamini. Akaingia ndani akatoka na ufunguo, akajaza mafuta kwa pesa yake, akaniwekea rambirambi mkononi, nikapokea kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu.

Siku ya kuanua matanga alikuja. Alikaa nyuma kabisa na wazee, chakula hakukigusa, na pombe ya ulezi ikampita. Watu wakasema, tazama mtu wa watu huyu. Dereva wetu aliyepita kwake juzi anasema siku hizi mteja akifika kuulizia gari, Baba Tumaini anamuuliza kwanza kama nyumbani kuna mgonjwa. Akisikia yupo, hana tena ubishi, anaachia gari kwa hasara. Majirani wanamcheka, wanasema amezeeka.

Gari limeshafanya kazi. Wiki iliyopita binti wa jirani yetu alishikwa na uchungu ukagoma, tukampakia. Nilikaa nyuma nimempakata kichwa, nikaanza rosari. Sijaimaliza rosari yangu nikaona mabati ya mjini! Nilidhani tumekosea njia. Amejifungua salama, wa kike, ana sauti ya tarumbeta. Wote walikuwa wanashangilia, mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikalia peke yangu. Njia ile ni fupi namna ile, Mjomba. Fupi namna ile! Ningekulipia elfu moja siku ile ungekuwa umekaa hapa unanung'unika tumepunjwa.

Na wewe nimekukasirikia, nikuambie ukweli. Kwa nini ulitingisha kichwa? Pesa ilikuwa yetu sote, na tumbo ulilijua mwenyewe linauma. Ulitaka kumshinda nani? Halafu hasira ikipoa nakumbuka ni mimi niliyekuwa na pesa kiunoni. Kichwa chako hakikunifunga mikono. Ningeweza kufungua ule mkanda nikamlipa mtu wa watu, ukanuna mpaka Krismasi, ukanuna ukiwa hai.

Basi sikiliza nilichoamua, na usianze.

Nimeuza ulezi wangu. Si wa kijiji, ni wangu, wa kile kishamba cha nyuma. Elfu moja imetimia, na rambirambi yake nimeiweka pembeni vilevile, sijaigusa. Ijumaa ninakwenda Malangali. Kichwa wazi, kitambaa nimekichoma jikoni mama akiona. Nitamsalimia, nitauliza habari za watoto wake mmoja mmoja. Kisha nitamwambia kwamba siku ile mlango wake ulikuwa wazi na yeye mwenyewe alitukimbilia barabarani, na kwamba tuliokataa kurudi ni sisi, wewe na mimi, na mimi nikiwa na ruhusa ya kamati na pesa mwilini. Nitamwambia na kitambaa nilikifunga wapi. Kama atanifukuza, anifukuze. Kama ataniita mwizi, nitaitika.

Akikataa pesa, nitaziweka mezani, nitataja bei yake aliyoishia siku ile, halafu nitanyamaza. Nitanyamaza mpaka mke wake achungulie mlangoni. Hilo umenifundisha vizuri, na safari hii nitalitumia kumrudishia mtu chake.

Lala, Mjomba wangu. Ng'ombe wako wazima wote wawili, wanapumzika siku hizi, na hakuna anayewapiga. Mama anakusalimu, anasema koti lako la misa ameliosha lakini ile kutu haikutoka.

Najua kwamba hata huko chini utanisikia nikitaja bei iliyozidi ile ya serikali, na utatingisha kichwa. Tingisha tu. Siku hiyo sitakutazama.

Mpwa wako