Ndoto Zilizohamia Chumbani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana nakuandikia nimekaa juu ya robota la vitambaa, cherehani nimeizima. Mimi ni mshona mapazia, mume wangu ni fundi bomba kwenye mradi wa maji mbali na nyumbani, na anwani yetu ya barua pepe ni moja, tuliifungua kwa ajili ya biashara, yeye anaisoma kwenye simu na mimi kwenye kompyuta ya dukani. Alipoondoka aliniandikia maneno matamu akaona haya kuyatuma, akayaacha kwenye rasimu, nami nikayakuta humo humo nikajibu chini yake, na tangu hapo hatujawahi kubonyeza "tuma", tunaandikiana ndoto zetu kwenye rasimu, aliyeota anaanza asubuhi na mwenzake anaendeleza. Yeye aliota ameunganisha mabomba mpaka mlangoni kwetu, akafungua koki ikatoka sauti yangu badala ya maji, nami nikaongeza kwamba nilikuwa upande wa pili nikishona pazia la dirisha lisilo na ukuta, upepo ukilipepea taratibu, naye akaandika kwamba anapita chini yake, anakuja. Utacheka, lakini mimi nilikuwa naishi humo, dukani ulibaki mwili tu unaokata vitambaa.

Sasa rasimu zilipokuwa nyingi zikaanza kuchanganyika na za wateja, nikaona nizitunze, nikatengeneza folda nikaiita Chumbani, nikaziburuta zote humo, na kila mpya nikishaisoma naipeleka huko, naziona zimejipanga mpaka raha. Basi hazikupita siku nyingi mume wangu akaacha kuandika. Nikimpigia anajibu kwa mkato, na siku moja akaniuliza, "Kwani mimi nakuchosha?" nikamwambia, "Unichoshe na nini, na wewe uko huko?" nikacheka, yeye hakucheka, akasema mtandao unasumbua, akakata. Wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, ananiambia, "Wifi, kaka yangu namjua, akinyamaza hivyo ujue kuna mtu mwingine anamsikiliza." Kompyuta nayo imekuwa nzito, Jumamosi fundi anakuja kuifuta yote ianze upya, na mimi nataka nianze upya vilevile, ninyamaze kama yeye tuone nani ataanza. Je, nimuulize wazi kama ana mwingine, au niache tu?

Mama Mapazia

*

Mama Mapazia, kabla ya yote mpigie huyo fundi wa kompyuta, mwambie Jumamosi asije. Umempigia? Haya, sasa tuongee.

Pole sana. Barua yako niliisoma, nikairudia kwa utamu wake, na jana nimeota hiyo koki yenu. Lakini mama, wewe nawe! Folda hiyo uliitengenezea wapi? Tazama kushoto kwenye programu yako ya barua pepe. Juu kuna anwani yenu na folda zake, na hizo, simu na kompyuta zote zinaziona. Chini kuna sehemu imeandikwa "Kompyuta hii". Naweza kuapa Chumbani yako iko huko chini. Ulichokiburuta humo kilitoka kwenye anwani, kwenye simu ya mumeo kikatoweka, kikabaki ndani ya hiyo kompyuta tu, ambayo fundi anataka kuifuta.

Hebu kaa mahali pake. Ameamka kambini, anafungua simu asome ulivyoendeleza, anakuta ndoto yake haipo. Anaandika nyingine, nayo ukishaisoma haipo. Ndipo akakuuliza kama anakuchosha, kwa uchungu, nawe ukacheka! Anaamini unazitupa. Hakuna cha mwanamke mwingine hapo, na wifi yako apunguze ujuzi.

Fanya hivi. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya anwani yenu, si pale chini, utengeneze folda mpya uiite Chumbani vilevile. Nakili rasimu zote za ile ya chini uziweke humo. Nimesema nakili, usihamishe, tumeshaona mambo ya kuhamisha kwako. Acha kompyuta imalize kusawazisha, yaani kuzipandisha kwenye anwani, kisha fungua anwani hiyo kwenye simu yako uhakikishe zimefika. Zikiwa zote zipo, fundi na aje.

Usimuulize habari za mwanamke, na huo mpango wa kununiana uuache leo hii. Fungua rasimu mpya, andika: "Sikutupa hata moja. Ziko Chumbani." Chini yake mweleze aingie kwenye mipangilio ya barua pepe aiwekee folda hiyo alama isawazishwe, maana simu nyingi hazichukui folda mpya mpaka ziambiwe. Halafu mpigie, umwombe radhi, umwambie afungue rasimu.

Usibonyeze "tuma". Iache hapo hapo, usiiguse, hata vidole vikuwashe. Na asubuhi utakayokuta mstari umeongezwa chini yake, usiniandikie mimi. Mjibu yeye.