Nguruwe wa Dinah

Kitengela, 15 Machi 1998

Mpendwa Mama,

Habari ya Kajiado? Mguu umepoa? Huku tuko wazima, isipokuwa mimi kidogo.

Nguruwe wetu amezaa watatu tu, na mara ya kwanza alileta kumi. Mume wangu Githongo anataka kumpeleka kwa bucha. Lakini Bwana Sironka, daktari wa mifugo, anasema kosa si la nguruwe. Tuliwaachisha wale kumi kunyonya wakiwa na wiki mbili, ndio mama yao apandwe tena haraka. Tumbo lake lilikuwa halijapona, basi mimba nyingi zikafia ndani zikiwa changa.

Mama, nilisikia hayo nikajiona mimi. Mimba yangu ilitoka mwezi jana. Sikukuambia. Nilikuwa nimemwachisha Nyawira kunyonya mapema nikarudi kazi kwenye shamba la maua. Huyo wa tumboni, ni mimi nilimuua?

Binti yako,
Dinah

Kajiado, 20 Machi 1998

Dinah mama,

Pole. Pole sana mwanangu. Mguu wangu achana nao.

Sironka anajua nguruwe, msikize. Watoto wanyonye wiki tano, halafu ndio apandwe. Mwambie Githongo bucha haikimbii.

Lakini wewe si nguruwe. Kati yako na ndugu yako Wanjala nilipoteza mimba, na wewe ulikuwa bado unanyonya, mkubwa hivyo, unanifuata hadi shambani. Hapo nilikosea nini? Zinatoka tu, mama. Wakati ule hakuna mtu aliniambia hivyo.

Kula. Lala. Nijibu.

Mama yako

Kajiado, 11 Juni 1998

Dinah,

Bado sijapata barua. Sikulazimishi. Namtuma Wanjala na maziwa, uyanywe akiona.

Mama

Kitengela, 6 Septemba 1998

Mama yangu,

Nisamehe kunyamaza. Nikishika kalamu nilikuwa nalia. Maziwa nilikunywa, Wanjala amesimama hapo kama askari.

Nguruwe amezaa jana. Kumi na mmoja! Githongo amesema hakuna mtu atawagusa kabla ya wiki tano. Kisha akakaa juu ya ndoo, akaniuliza, “Dinah, bado unaumia?” Tangu Februari hakuwa ameuliza. Nikamwambia yote, hata yako. Natumaini sikukosea.

Mama, yule mtoto wako uliyempoteza, ulikuwa umemchagulia jina? Ukija, nataka kulisikia.

Binti yako,
Dinah