Kengele ya Ruz Imenyamaza

Maëlle mwanangu,

Sina koti, sina mbwa, na subira imeniishia. Ukitoka kupamba kanisa, mgeuze bata bukini aliye kwenye oveni, ummwagie mafuta yake. Wageni wa sikukuu ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wetu wawindaji, wasinisubiri, wale tu.

Asubuhi Ruz alizama kichakani akimfuata ndege sululu, na kengele ya shingoni mwake ikanyamaza. Nilifurahi, maana Ruz akisimama kimya, ndege yuko mbele ya pua yake. Nikasogea: hakuna ndege, hakuna mbwa. Nimeita mpaka koo limekauka. Nikamtandikia koti langu pale pale, akirudi anuse, alale juu yake anisubiri. Sasa narudi huko kichakani kabla giza halijaingia.

~~Usinifuate.~~

Jana mezani ulisema, “Baba siku hizi hata kengele ya kanisa haisikii!” Wote mkaangua kicheko, nami nikakuita mropokaji. Mwanangu, naogopa. Huenda kengele ya Ruz haikunyamaza hata kidogo. Huenda amenaswa kwenye waya, anaitikisa mpaka sasa, nami nimempita hatua chache tu.

Nifuate, nitakuwa darajani penye kinu. Vaa viatu vya matope. Uje na masikio yako.

Baba