Masale ya Nyumba ya Laurel

Mjukuu wangu Aneti,

Shikamoo yako ya kwenye simu nimeipokea, marahaba. Huku Laurel, Marekani, hatujambo. Goti langu tu ndilo linalolalamika, na baba yako amechoka na zamu za hospitali.

Umeniuliza kwa nini nimekimbilia kwa wakili kwa ajili ya nyumba wakati bado najipikia mwenyewe. Baba yako naye amenuna, anasema najichuria kifo.

Nilipokuwa msichana kule Machame, baba yangu, akiwa mzima kabisa, aliwaita kaka zangu shambani akapanda masale, ile mimea yetu ya mpaka, kuwagawia sehemu zao. Shangazi alimfokea, "Unajichuria!" Baba hakuinua hata kichwa. "Masale yanataka muda wa kushika mizizi," alisema. Alipokuja kupooza na kupoteza kauli, masale yalikuwa yamenipita kimo, na hakuna aliyegombea mpaka. Kaka zangu walibakiwa na kazi moja tu, kumtunza.

Wakili anasema serikali hulipia matunzo ya mzee asiye na mali, lakini kwanza huchungulia miaka mitano nyuma, aligawa nini, na alichogawa ndani ya miaka hiyo huhesabiwa bado ni chake. Ukingoja uugue, umechelewa. Kwa hiyo nyumba nimeiweka mapema kwenye amana ya familia, isiwe tena kwa jina langu, nami nakaa humuhumu.

Mbembeleze baba yako. Mwambie sijaaga. Ila siku nikisahau jina lake, nataka awe na kazi moja tu, kunishika mkono.

Bibi yako