Jina ya kwenye chupa

Kambi ya Dzaleka, Malawi, siku ya Mungu

Mama yangu,

Kitenge ulituma ilifika, bado sijaishona. Huku mvua imekatika na tunakula nsima, ile ugali ya huku, kila siku.

Sasa niko najifunza kutoa batu damu, kwenye kliniki moja ya Lilongwe. Mupira wa kufunga mukono haupite dakika moja. Alkoli inakauka kwanza, njo unachoma sindano. Mugonjwa anataja jina yake mwenyewe, wewe humutajie, kisha unaiandika kwenye chupa mbele yake.

Juzi tulichomana sisi kwa sisi. Mwenzangu Carelle, iko na mukono mwepesi, akaniuliza jina. Nikajibu, "Nsimire." Akaandika. Mwalimu akaangalia karatasi yangu ya kambi, akatupa ile damu.

"Jina haifanane. Rudia."

Carelle akachoma mukono wa pili, akauliza tena. Nikasema, "Ernestine."

Unakumbuka siku ulinipa karte ya dada Ernestine, kitambulisho yake, nivuke nayo mupaka. Tulikuwa tumetoka kumuzika, udongo ingali kwa viatu yetu. Tangu hapo huku bananiita vile, na karatasi ya kambi inasema vile.

Majibu imetoka leo. Ernestine haina ugonjwa hata moja.

Mi mutoto wako,
Nsimire