Ruksa Niliyosema Nimeomba

Jumanne, 4 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekuja, umekatika, umerudi. Mashine ya kopi leo inakohoa kama mzee.

Dorotea kaingia dukani kalowa chapachapa, yeye mwenyewe hana mwavuli lakini kitabu kakifunga nailoni mbili! Ni kile cha shirika la Mavuno Bondeni, cha kupiga dawa ya magugu kwenye mpunga. Kakipata semina, kimoja tu, na kikundi chao kizima wanakitaka. Wiki hii wanahamia mashambani. "Nitolee kopi Mama Kadija, kila mtu awe na chake. Magugu hayasubiri mtu."

Sasa balaa: kurasa kumi na nane. Kitabu cha kukunja katikati kinataka kurasa nne nne. Ama kumi na sita ama ishirini, kumi na nane inakuachia karatasi inaning'inia. Nikatoa mbili. Moja ya picha ya wafadhili wanacheka. Nyingine ile ya mwanzo, ya maneno ya haki ya kunakili. Nani anasoma maneno ya haki!

Dorotea anasoma. Yule mwanamke anasoma mpaka karatasi iliyofungiwa maandazi. Eti ukurasa ule unasema ruksa kunakili na kugawa bure, usipunguze kitu, ila kwanza uwaandikie, useme unapeleka wapi. Akaniuliza, je, tumewaandikia?

Nikamwambia mimi nilishawaandikia, kwa vitabu vyao vyote na vikundi vyote vya hapa. Mwezi uliopita. Wamekubali.

Ulimi huu! Nilitaka tu tumalize, kulikuwa na foleni mlangoni. Foleni gani—watu wawili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetoa kopi za ziada, nimezitundika kwenye kamba kwa vibanio. Zinaondoka kama chapati za moto. Kuna baba mmoja wa Malinyi kachukua za kijiji chake kizima, anawahi gari. Sikumuuliza hata jina.

Abdulnasir kaniletea chakula cha mchana, kaziangalia zile kopi, akauliza kitu kilichoandikwa "bure" mke wangu unauzaje? Nikamwambia nauza karatasi na wino, maneno nawapa bure. Akacheka. Ila kile kicheko chake cha kunyamaza. Simpendi akicheka vile.

Kwani kosa liko wapi? Kitabu kimeandikwa kisaidie watu. Mimi nasaidia watu.

Alhamisi, 13 Februari

Mungu wangu.

Saa nne hivi kaingia kijana mtanashati, shati la shirika, "Shikamoo mama." Marahaba. Anaitwa Lukelo, yuko ofisi ya Mavuno Bondeni hapa hapa Mlabani, mashine yao imeharibika, anaomba kopi za haraka. Nikapokea ile karatasi. Juu imeandikwa MAREKEBISHO.

Nimeisoma huku mashine inapasha moto. Kitabu kinasema vifuniko vinne vya dawa kwa bomba moja la kupulizia. Sasa kiwanda kimebadilisha chupa, kifuniko kipya ni kikubwa, karibu mara mbili ya kile cha zamani. Vinne vya sasa vinaunguza mpunga. Pimeni viwili.

Kopi zangu zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kichwa chake! Nikajifanya napangusa vumbi, nikazivuta zote na vibanio vyake, nikazisukumia chini ya kaunta, nikazikalia na kiti.

Nikamuuliza, hizi mnapelekea nani? Akasema kila aliyewaandikia kuomba ruksa. Ndiyo maana wanataka watu waandike, mama, siyo ubahili. Tukikosea tujue pa kumfuata mtu. Akaongeza kwa heshima kabisa: mteja akileta kitabu chetu hapa, tafadhali mwambie atuandikie.

Nikasema nitamwambia.

Alikuwa mbele yangu! Neno moja tu. "Mwanangu, mimi nimetoa kopi." Basi. Nikahesabu karatasi zake, nikamtakia siku njema. Nimebaki na moja iliyotoka imekunjamana.

Ijumaa, 14 Februari

Nimempigia Dorotea mara sijui ngapi. Hapatikani. Kule shambani mtandao wanapanda mti kuutafuta.

Obed wa bodaboda alipita asubuhi, akauliza kama nina mzigo. Ningempa ile karatasi. Lakini ningemwambia Dorotea nini? Kwamba wamekosea? Ataniuliza wameniletea lini. Nikakaa natunga maneno. Adhuhuri ikaingia, Abdulnasir karudi kutoka msikitini, mvua ikashuka, Obed akaenda zake.

Kesho. Kesho lazima.

Jumamosi, 15 Februari

Obed kaondoka saa mbili, karatasi nimeifunga nailoni mbili kama Dorotea anavyofunga. Sikuandika neno langu lolote, ni karatasi ya shirika peke yake; Obed nimemwagiza aseme nimeiona kwa bahati.

Karudi jioni, tope mpaka kwenye kofia. Kampata. Dorotea alikuwa ameshakaa kwenye gogo, bomba tupu pembeni. Kapiga dawa leo asubuhi. Leo! Na wenzake jana na leo. Isipokuwa wawili waliokosa bomba.

Ijumaa ningetuma. Ijumaa Obed alisimama hapa mlangoni, anatafuna muwa, anasubiri nimjibu.

Obed anasema Dorotea aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akamwambia mwambie Mama Kadija ahsante sana.

Jumatano, 19 Februari

Maneno ya marekebisho nimeyaandika mwenyewe na kuyabandika mlangoni, makubwa, kwa kalamu nyekundu. Kila mtu wa Malinyi anayepita namuuliza, unamjua baba mmoja, mrefu kidogo, alinunua vitabu vya mpunga? Wananiangalia kama nimerukwa na akili. Mrefu kidogo! Malinyi nzima.

Nimechoma kopi zilizobaki. Zimeungua vibaya, karatasi nyingi zikikaa pamoja haziungui, zinatoa moshi tu. Kadija katoka jikoni anauliza mama unachoma nini. Takataka, mwanangu.

Jumatatu, 24 Februari

Dorotea karudi mjini.

Mpunga umebabuka. Ncha njano, kisha kahawia, kisha umelala. Kipande cha bondeni chote kimekwenda, kilichopona ni kile cha juu alikoishiwa dawa. Kupanda tena haiwezekani, mbegu ya sasa itakutwa na jua. Alikuwa ananiambia kama anasimulia habari za mtu mwingine. Huu ndio mpunga wa kula mwaka mzima, yeye na mama yake.

Nilisubiri anitukane. Niliomba anitukane! Kumbe hasira yake yote ni kwa shirika. "Wewe uliwaandikia Mama Kadija, ukawaambia unapeleka kwetu. Marekebisho wameyakalia mpaka ulipoyaona mwenyewe kwa bahati. Kama siyo wewe kumtuma Obed, hata wale wawili wangeunguza." Kaniinamia akanishika mikono yote miwili. Ananishukuru!

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Nikamwambia akae, nimletee chai.

Kanywa, kashusha kikombe, kaenda moja kwa moja ofisini kwa Mavuno Bondeni.

Alhamisi, 27 Februari

Lukelo kaja. Shikamoo yake haikuwa ile ya kwanza, ilikuwa ya chini chini.

Kasimama, nimempa kiti kakataa. Anasema Dorotea alikuja ofisini mbele ya wageni, akasema Nasma wa steshenari, yaani mimi, aliandika barua mwezi wa kwanza na wao wakaipuuza. Barua zote zinapokelewa na yeye Lukelo. Kapekua mafaili yote, kapekua droo, kapekua mpaka kapu la takataka. Haioni. Mratibu wao, Mama Elineema, kamwambia shirika linaishi kwa kuaminika na wakulima, na mkataba wake unaisha mwezi ujao, ajue hilo.

Halafu akasema, "Nisamehe mama. Inawezekana niliipokea nikaiweka vibaya. Sikumbuki, lakini inawezekana."

Anaanza kuamini kuwa kakosa! Kijana wa watu, kosa hana, analitafutia nafasi ndani ya kichwa chake ili likae.

Nikamjibu usijali, mambo hutokea. Hivyo ndivyo nilivyomjibu. MAMBO HUTOKEA. Mimi ni mtu gani?

Chakula hakijapita leo. Abdulnasir anauliza kama naumwa. Nimesema malaria.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Abdulnasir anapita nyumba kwa nyumba anaombana radhi na watu kama kawaida yake kila mwaka, kaniambia na wewe kama una mtu umemkosea nenda kabla hujalala. Kasema tu, hajui chochote. Nadhani hajui.

Nilivaa mtandio. Nilifika mpaka kona ya ofisi yao. Imefungwa, Jumamosi. Nilijua imefungwa kabla sijatoka nyumbani.

Jumapili, 2 Machi

Wako nje. Sasa hivi, naandika.

Nilifungua duka kidogo tu, kwa ajili ya mtu aliyetaka kopi ya kitambulisho. Wamekuja pamoja kutoka kanisani—Dorotea, Lukelo, na mama mnene mwenye miwani, ndiye Mama Elineema. Wamekaa kwenye benchi. Mama Elineema mpole, siyo nilivyomdhania. Anasema hataki ugomvi, anataka amalize jambo hili kwa haki. Shirika likiridhika kwamba barua ilifika, litamfidia Dorotea mbegu na chakula, na Lukelo atawajibika. Anachohitaji ni kimoja. "Wewe mama una mashine ya kopi. Bila shaka barua yako ulibakiza nakala."

Dorotea akadakia, anayo! Huyu hatupi karatasi.

Nikasema ngoja niangalie.

Nimekaa nyuma ya pazia. Kompyuta imewaka. Barua kwangu ni kazi ndogo, watu nawaandikia kila siku, na tarehe naweka ninayotaka. Nimeshaandika "Ifakara, 10 Januari." Nimeishia hapo, nimeshika daftari hili badala yake.

Dorotea atapata chakula cha mwaka. Kwa mstari mmoja tu.

Kupitia upenyo wa pazia naona viatu vya Lukelo tu, kavipiga kiwi kwa ajili ya kanisa, kavibana pamoja.

Dorotea anaita: "Usihangaike sana, Mama Kadija! Mimi nimeshawaambia, wewe huwezi kudanganya, tena leo umefunga."

Mashine imepata moto, taa ya kijani imewaka. Nimeinuka. Nimekaa tena. Nikitoka na karatasi, yule kijana kwisha. Nikitoka mikono mitupu, Dorotea atanitazama, na mimi itabidi nimtazame, nimwambie kwamba